Jibu: Brno .22 inaacha ganda ndani, ninunue spea gani?

Mkuu, nimesoma swali lako na majibu ya wadau waliotangulia. Kwa wanaoingia sasa hivi, ndugu yetu wa Mpwapwa ana bunduki ya Kicheki, Brno Model 2, kaliba .22, amehamishiwa kihalali toka kwa marehemu baba yake na leseni anayo. Shida zake ni mbili, ganda linabaki kwenye chemba (tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa) baada ya kupiga, halafu risasi moja moja inagoma kulipuka, unasikia tu "ta" basi. Ameona mtandaoni wanauza seti ya spea mbadala, yaani kucha za kutolea ganda, pini ya kupigia, springi na triga nyepesi, anataka aagize seti nzima afunge mwenyewe nyumbani. Wengi mmemwambia aagize tu. Mimi namwambia asiagize hata springi moja mpaka ajue ni kitu gani kinaumwa, maana kwa maelezo aliyotoa inawezekana kabisa hahitaji spea yoyote, au anahitaji moja tu na siyo hiyo anayoifikiria.

Mimi niko hapa Dom, natumia CZ 452, nayo ni bunduki ya .22, ambayo ukiweka bolti yake (kile chuma cha kuvuta kwa mkono kinachofunga chemba) jirani na ya Brno Model 2 unaona kabisa ni ukoo mmoja. Spea mbadala nimeshafunga, kucha, magazini (kikasha cha risasi), springi ya triga na pete za darubini, na zote zimefungwa kwenye benchi la fundi silaha mwenye leseni, mimi nimekaa pembeni namshikia tochi na kumuuliza maswali. Ninachoandika hapa nimekiona.

La sheria nalimaliza haraka ila msilipuuze. Tuna sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na chini ya hiyo sheria bunduki siyo kitu cha kufungulia kwenye meza ya sebuleni ukaanza kubadilisha vyuma. Kabla hujaagiza kitu toka nje nenda polisi, ofisi inayoshughulika na silaha kwenye wilaya yako, uwaambie unataka nini, wakuelekeze kibali na wakuambie fundi gani anaruhusiwa. Mtutu, bodi na bolti usiviguse kabisa bila wao kujua, namba iliyo kwenye bunduki ndiyo iliyo kwenye leseni yako. Mzigo ukikamatwa forodhani umeandikwa spea za bunduki na wewe huna karatasi, hapo hata kama ni springi ya elfu kumi utaeleza sana.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe.

Kitu ambacho watu wengi hawakielewi kuhusu .22 ni kwamba risasi yake haina kile kifuniko cha katikati cha kulipulia kama risasi kubwa. Baruti ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo, ule mzunguko mwembamba wa kitako cha ganda. Pini haipigi katikati, inapiga pembeni, inaubana ukingo kati yake na mdomo wa chemba, ukingo unabonyea, moto unatoka. Alafu ukingo huo huo ndio unaoizuia risasi isizame ndani ya chemba, na ukingo huo huo ndio kucha inaushika kuvuta ganda nje. Unene wake ni kama milimita moja na kidogo tu. Yaani kuwasha, kukaa na kutoka, vyote viko kwenye hako kaukingo, na kila spea unayotaka kununua, iwe kucha, pini, hata magazini, inafanya kazi kwenye hako kaukingo au karibu yake. Ndo maana tofauti ndogo ya spea mbadala ambayo kwenye shotigani usingeiona, kwenye .22 inaleta shida mara moja.

Kwa hiyo anza na ganda. Chukua maganda uliyopiga, siyo moja, chukua ya kutosha, toka nayo juani uyatazame kitako. Utaona alama ya pini, kwa Brno ni kama kimstari kifupi au kipande cha mstatili kinachoanzia ukingoni. Kama alama ni ya kina na iko sawa kwenye maganda yote, pini yako haina tatizo, tena chukua zile risasi zilizogoma uzilinganishe, kama nazo zina alama ile ile ya kina basi shida ni risasi. Hili ni la kawaida sana kwa .22, baruti ya ukingoni wakati mwingine haikuenea sawasawa mzunguko mzima, pini ikiangukia sehemu isiyo na kitu haitawaka. Watu huitoa, wanaizungusha kidogo ili pini ipige sehemu nyingine, wanarudisha, inalipuka. Ila risasi ikigoma usifungue bolti hapo hapo, elekeza mtutu sehemu salama, subiri kama nusu dakika, kuna zinazochelewa kulipuka. Halafu angalia na ulipozihifadhi. Boksi lililokaa juu ya kabati chini ya bati, kwa joto letu la Oktoba na Novemba, miaka kadhaa, usishangae zikianza kugoma.

Kama alama ni hafifu, hapo ndo tunaanza kuisema pini na springi yake. Lakini bado siyo kununua. Safisha kwanza.

Na hapa naomba wadau wa kanda ya kati mnisikilize vizuri, kwa sababu video mnazoangalia zimetengenezwa sehemu za baridi na majani. Risasi ya .22 ya kawaida inapakwa nta au grisi kwa nje. Ile nta inabaki kwenye chemba, inaingia chini ya kucha, inaingia kwenye njia ya pini. Sasa ongeza vumbi letu la Dodoma, upepo wa kuanzia Juni huo, bunduki imebebwa kwenye pikipiki toka Hombolo mpaka shambani, na mwenye nayo amemwagia mafuta mengi akidhani anaitunza. Kinachotokea ndani ni tope gumu, jeusi, linakaa kama lami. Kucha inashindwa kubana ukingo kwa sababu chini yake kumejaa, pini inatembea polepole kwa sababu njia yake imejaa, na hapo una dalili zako zote mbili, ganda linabaki na risasi zinagoma, bila spea hata moja kuharibika. Kwa maelezo yako mkuu mimi hapo ndo naweka hela yangu ya kwanza.

Namna ya kusafisha siyo siri. Hakikisha haina risasi, toa magazini, angalia chemba kwa macho na papasa mdomo wake kwa kidole kidogo, toa bolti kwa kuivuta nyuma huku umebana triga. Mswaki wa zamani na mafuta ya taa kidogo, sugua uso wa bolti na chini ya kucha mpaka uone chuma, kwa kijiti cha meno chokonoa kona zile ndogo. Chemba ipige brashi ya shaba ukipitia upande wa nyuma, ukizungusha, siyo kuvuta na kusukuma tu. Kama mzee alikuwa anapiga zile risasi fupi za .22 kwenye chemba ya risasi ndefu, utakuta pete ya masizi mbele kidogo, hiyo pete ndo inabana ganda refu likipanuka, na inahitaji kusuguliwa kwa subira. Ukimaliza futa pakavu. Mafuta yawe kidogo sana, kitambaa chenye unyevu wa mafuta kinatosha, kwa vumbi letu chuma kikavu kinaenda vizuri kuliko chuma kinachomeremeta.

Baada ya hapo ndo unapima kucha. Bolti ikiwa mkononi, chukua ganda tupu, telezesha ukingo wake chini ya kucha. Kucha nzima inalishika, unageuza bolti, unaitikisa kidogo, ganda linaning'inia halidondoki. Likidondoka lenyewe, kucha imechoka au springi yake imelegea. Angalia pia maganda yaliyobaki ndani ukayatoa kwa fimbo ya kusafishia, kama ukingo umetafunwa, umekwanguliwa sehemu moja, maana yake kucha ilijaribu kushika ikateleza. Kama ukingo ni msafi na ganda lilitoka kwa kulazimisha, basi usiilaumu kucha, kuna kitu ndani ya chemba kimelishika ganda.

Kuna mzee mmoja upande wa Kongwa, ana .22 ya bolti pia, ganda lilikuwa linabaki. Akabadilisha kucha. Likaendelea kubaki. Akaagiza kucha za kampuni nyingine, hela nyingine, usafirishaji mwingine, vile vile. Alipoileta kwa fundi nilikuwepo. Fundi hakugusa kucha kabisa, alitoa bolti, akachukua ganda tupu akalisukuma kwenye chemba kwa kidole, likaenda vizuri halafu likakwama kabla ya kufika mwisho. Akalizungusha, likapita. Akamulika tochi kwenye mdomo wa chemba na kunipa lenzi, nikaona kwenye ukingo wa chuma kuna alama ya pini, kijishimo kidogo cha mstatili, na pembeni yake chuma kimesukumwa kikaingia ndani ya chemba kama kanundu. Ganda jipya linaingia kwa shida, likipigwa linapanuka na kukikumbatia kile kinundu, kucha gani italitoa hapo? Kisa chake ni pini. Huko nyuma kuna mtu alimfungia pini mbadala ndefu kuliko inavyotakiwa, na vijana nyumbani walikuwa wanafyatua kavu, bila risasi, kila wakipata nafasi. Pini ilikuwa inagonga chuma cha chemba badala ya ukingo wa ganda. Fundi ana kifaa chake maalumu, kama msumari mnene uliosuguliwa laini sana, unaingizwa chembani unarudisha ile nundu mahali pake bila kukwangua chuma. Siyo kazi ya tupa! Ukiingiza tupa kwenye chemba umeikuza, na chemba ikikua huwezi kuirudisha. Baada ya hapo pini ikapimwa na kupunguzwa urefu, na zile kucha za zamani alizozitoa zikarudishwa. Bunduki inafanya kazi mpaka leo.

Ndo maana kwenye ile seti uliyoiona, spea inayonitisha zaidi ni pini. Pini ikiwa fupi haitalipua, ikiwa ndefu inaharibu chemba. Inapotokeza mbele mpaka mwisho lazima iwe pungufu ya unene wa ukingo wa ganda, ili hata bila risasi isiguse chuma. Muuzaji wa mtandaoni haijui bunduki yako, Brno za miaka hiyo zimepita mikono mingi na bolti nyingine zimeshasuguliwa. Pini mbadala ichukulie ni spea inayokuja haijamalizika, inayomaliziwa kwenye bunduki yako na mtu mwenye kipimo. Na ukishaifunga, kufyatua kavu marufuku. Wenzetu Marekani wanaingiza roplagi za plastiki za njano, zile za kutundikia vitu ukutani, ili pini igonge plastiki, lakini za kwetu saizi zinatofautiana, bora utafute risasi za bandia zenyewe.

Kucha mbadala nazikubali, mimi ninazo. Ila hata zenyewe hazikuingia moja kwa moja. Za kwanza kuja, duka la nje lilisema ni za CZ 452, zikafika ncha imezidi, bolti ikifunga unahisi inakaza mwishoni. Fundi alipaka ncha ya kucha maka peni nyeusi, akafunga bolti taratibu, akafungua, akatazama wino umefutika wapi. Umefutika kwenye ncha ya nje, kwa hiyo ilikuwa inagusa nyuma ya mtutu, kwenye ile nafasi iliyochongwa kwa ajili yake. Akapitisha jiwe laini la kunolea, akapaka tena, akafunga tena, hivyo hivyo mpaka wino ukabaki. Kazi ya kuvuta subira tu, lakini sehemu ya ndani inayoshika ukingo hakuigusa kabisa, ile kona inatakiwa ibaki kali. Mtu akikuambia kucha imekaza "itazoea" mbele ya safari, mwambie kitakachozoea ni mtutu wako. Na springi ya kucha ni ndogo na ina hasira, ikitolewa ifanyike ndani ya mfuko wa nailoni mweupe, ikiruka inabaki mfukoni, vinginevyo utaitafuta kwenye mchanga mpaka jioni.

Magazini hujaiuliza lakini nakutajia kwa sababu kwa bunduki yako ndo spea rahisi na yenye faida. Magazini za CZ 452 na 455 zinaingia kwenye Brno Model 2, zipo za risasi 5 na za 10, za chuma na za plastiki. Kama risasi inapanda ikigonga juu ya chemba au inakwanguliwa pembeni, midomo ya magazini imepanuka. Ila pima kwanza kwa risasi za bandia, funga bolti ya kawaida uone inavyokwama, halafu rudia huku unaisukuma magazini juu kwa kidole. Ikipanda vizuri ukiisukuma, magazini ni nzima, kilicholika ni ile latchi inayoishika, ukinunua magazini mpya itaning'inia vile vile.

Triga nyepesi. Hapa tutagombana na baadhi ya wadau lakini nasema. Wewe bunduki yako ni ya shambani, inabebwa, inaegemezwa kwenye mti, watoto wapo. Mimi nilibadilisha springi tu, na fundi aligoma kushusha uzito wa kuvuta triga kama video ilivyosema, akabaki juu ya kilo moja na nusu, na namshukuru. Alivyoipima: bunduki tupu, imekokiwa, akapiga kitako kwa nyundo ya mpira pande zote, akafunga bolti kwa nguvu mara kadhaa, akaweka sefti (kile kizuizi cha usalama) akavuta triga kwa nguvu, akaachia, akatoa sefti. Pini haikuruka. Ikiruka hata mara moja hiyo bunduki haitoki kwenye benchi, kwa sababu ikiwa na risasi itajipiga siku utakayoidondosha. Kile kijino kinachoishika pini kisisuguliwe na mtu yeyote anayesema "nalainisha kidogo", ule ugumu wa juu ya chuma ukiisha kijino kinalika haraka.

Na video nyingi mlizomtumia hapa ni za Ruger 10/22, bunduki ya Marekani iliyotoka mwaka 1964, inayojipakia yenyewe. Spea mbadala zake ni nyingi kweli, unaweza kuijenga upya yote, lakini ni mashine nyingine kabisa. Ile pini ya plastiki ya nyuma ya bolti mnayomshauri anunue inapunguza kishindo cha bolti inayorudi yenyewe, Brno inarudishwa kwa mkono, hakuna mahali pa kuiweka.

Kwenye darubini, maana nimeona umeuliza mwishoni, angalia pete. Reli iliyochongwa juu ya Brno ni ya milimita 11, pete nyingi za .22 za Kimarekani ni za reli nyembamba, kama 9.5. Zinaweza kuonekana zimekamata ukikaza sana, zinakamata kwa kona tu, zinakwangua reli na shabaha inahama kila ukipiga. Agiza zilizoandikwa milimita 11.

Ikishafungwa spea yoyote, siku ya kujaribu weka risasi moja moja, siyo magazini nzima, vaa miwani, na kila ganda likitoka litazame kabla ya kuweka nyingine. Ganda lililovimba karibu na kitako au ukingo uliopasuka, simama hapo hapo, rudisha kwa fundi.

Kwa hiyo mkuu safisha kwanza kama nilivyoandika, fanya kipimo cha ganda kuning'inia kwenye kucha na kile cha kusukuma ganda tupu kwa kidole, halafu rudi hapa na picha za kitako cha maganda, ya yaliyolipuka na ya zile zilizogoma, piga juani kwa karibu. Namba ya bunduki isionekane kwenye picha.